Ukiulizwa Mama Yako Yuko Wapi

Changamwe, Jumapili, baada ya ibada

Sidi, mwanangu,

Siianzi barua hii kwa salamu, kwa kuwa uko ua wa jirani na sauti yako naisikia. Bi Mwanaisha anakusuka nywele za safari. Umelalamika kwamba anavuta, naye amekujibu kwamba kichwa chenye maswali mengi hakisukiki kwa upole. Mimi nimekaa mezani, dirisha wazi. Karatasi hizi nimezinunua dukani kwa Mhindi, si za ofisi. Nakuambia mapema, usije ukadhani baba yako ameanza kuchukua vitu vya bohari.

Kesho alfajiri utapanda gari la moshi pamoja na mke wa mchungaji. Mtashuka Mazeras, kisha mtapanda vilima kwa miguu mpaka shule ya bweni ya misheni. Sikupata ruhusa ya kukusindikiza. Tangu vita vianze mizigo haikatiki gatini, na karani asiyefika siku moja huenda akamkuta mwingine kitini pake. Niliomba mara moja. Bwana mkubwa akasema hapana bila kuinua uso, nami nikasema ahsante. Nilikuwa nimekwisha fika nje ndipo nikajiuliza nilimshukuru kwa lipi.

Mambo ya sabuni, ya kuanika nguo na ya kutoazima kitana sitayaandika. Bi Mwanaisha amekwisha kukuambia, na kwa namna anavyomwambia mtu, huwezi kusahau.

Nataka kukuandikia majibu. Umeniuliza maswali tangu ulipojua kusema, na kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha darasa la ubatizo hapa Changamwe jioni baada ya kazi, ulidhani majibu yote ninayo. Mengine nilikujibu kwa maneno ya kitabu. Mengine nilikuambia ukalale. Sasa unaondoka, nami ningependa uende na majibu yangu mwenyewe, hata kama ni machache na hayakunyooka.

Kwanza nikueleze hali yangu, kwa sababu najua umeiona. Tangu mama yako afariki nimekuwa kama mkono uliolaliwa usingizini. Mkono upo, ukiuinua unainuka, lakini ukiugusa hauna habari. Naenda kazini, narudi, nakula. Watu husema karani ana imani kubwa, hakulia. Si imani, mwanangu, ni ganzi. Leo kanisani walikuombea safari njema na wanawake wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nikitazama koti la mzee wa kanisa aliyekaa mbele yetu, kifungo chake kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Hicho ndicho nilichokuwa nacho moyoni wakati unaombewa. Ukiona barua hii haina maneno matamu, ujue ni hapo nilipo, wala si kipimo cha ninavyokupenda.

Uliwahi kuniuliza Kaini alipata wapi mke. Hilo huulizwa na kila darasa. Wanaume wa bandarini hulileta siku ya kwanza wakikonyezana, ili wamwone mwalimu akitoka jasho. Maandiko yanasema Adamu alizaa wana na mabinti wengine, hayakuendelea zaidi ya hapo. Huenda alimwoa dada yake. Huenda kuna mambo ambayo aliyeandika hakuona haja ya kutuambia. Jibu langu linaishia hapo nami silionei haya. Ila nimejifunza kwamba anayeuliza la Kaini mara nyingi ana lake jingine nyuma, anapima kwanza kama mwalimu ataghadhibika. Nilikuwa nikilijibu la Kaini, darasa likicheka, tukafunga kwa sala. Siku moja mpagazi mmoja alirudi mlangoni baada ya wenzake kuondoka, mtu mzima, mabega kama mlango. Akasimama, akaniuliza ni saa ngapi. Nikatazama saa, nikamwambia. Akasema ahsante mwalimu, akaenda, wala sikumwona tena darasani. Mara nyingi nimejiuliza ni nini alichokuwa amekuja kuuliza.

Na siku ile ulirudi kutoka bombani umenuna, watoto wamekuambia sisi tuna miungu mitatu. Nikakupa mfano wa jua: jua lenyewe, mwanga wake na joto lake, vitatu na kimoja. Ukaniuliza, "Na usiku je, baba?" Nikakukaripia. Mfano ule nilifundishwa nikiwa kama wewe, na sikuwahi kuthubutu kuuliza habari za usiku. Bi Mwanaisha alitusikia akapaza sauti kutoka uani kwake, "Karani, watatu mtawaweza? Mimi huyu Mmoja tu, wallahi, bado sijamwabudu ipasavyo." Nilikasirika siku nzima. Sasa naona yeye alisema imani yake kwa unyenyekevu kuliko nilivyosema yangu. Jibu langu ni kwamba Mungu ni mmoja, na Baba, Mwana na Roho si watatu waliokaa mkutano. Inakuwaje, sijui. Wakubwa wa kanisa wameliandika kwa maneno mazito, nami nayajua yote kwa ghaibu, na kuyajua hakujanifanya nielewe. Nikiomba, siombi watatu. Naomba tu.

Halafu lile la kuomba. Ikiwa Mungu anajua haja zetu, tunamwambia ya nini? Ulipoliuliza nilishtuka, kwa sababu mama yako aliliuliza kabla yako, pengine kwa maneno hayohayo.

Huenda hukumbuki kwamba mama yako alikuwa mwanafunzi wangu. Ulikuwa mdogo, ukilala mapajani mwake wakati wa somo. Alikuwa anakaa nyuma, leso imefungwa vizuri, na mimi nilimwita kwa jina lake, Kadzo, kama nilivyowaita wengine, watu wasiseme karani anampendelea mkewe. Nilipomjibu kwa kitabu, akasimama kama ilivyo desturi ya darasa, akasema, "Mwalimu, mimi ukirudi kazini najua una njaa. Lakini napenda uniambie." Wanawake walicheka mpaka nikagonga meza. Nikamwambia, "Hilo silo jibu lililoandikwa. Kaa." Akakaa, anacheka na yeye. Sidi, katika miaka yangu yote ya kufundisha sijasikia jibu la kunitosha kama lile, na nilimwambia akae.

Unajua darasa letu lilivyo. Kuna kitabu cha maswali na kila swali lina jibu lake, na anayetaka kubatizwa husimama akalisema neno kwa neno. Akikosea neno anarudia. Mimi nilipenda mambo yawe hivyo. Nilisoma shule nikiwa mdogo kuliko wewe, na huko mwenye jibu hakupigwa. Wengine walisoma wapate kujua. Mimi nilisoma nisiguswe na fimbo, nikafaulu, nikapata kazi, na hata leo mtu akianza kuuliza, mimi jibu limefika mdomoni kabla hajamaliza. Ofisini wanasema ni akili. Ni woga tu, na ulianza zamani.

Kwa hiyo siku mama yako alipouliza swali lake mwenyewe, la mama yake aliyekufa huko Kaloleni kabla mhubiri yeyote hajafika kijijini kwao, sikumwacha afike mwisho. Nilimjibu neno kwa neno: waliokufa bila ubatizo wamo gizani, mbali na uso wa Mungu. Hakubisha. Alikubeba mgongoni, akafunga leso, akatoka. Niliporudi nilikuta samaki tayari na wali umefunikwa. Hakuninunia. Alisema tu, "Huko mbinguni kwenu nikienda nitamkuta nani? Mama hayuko." Hakuja tena darasani, nami sikumwambia arudi. Nilidhani kuna wakati.

Ndiyo sababu na wewe hukubatizwa ukiwa mchanga. Mchungaji alisema mama hajabatizwa, mtoto angoje mpaka aweze kujijibia mwenyewe. Kisha ikaja ile homa.

Habari za mazishi unazijua, ulikuwepo. Ninalotaka kukuambia ni kwa nini nilisimama mbali. Wajomba zako walimzika kwao kwa desturi zao, na hanga likaanza, ngoma na tembo la mnazi, jinsi Wagiriama wanavyomwomboleza mtu wao. Mwalimu wa darasa amekatazwa kuingia penye tembo la matanga. Nikasimama nje ya ua, kofia mkononi. Wewe ulikuwa karibu na kaburi, umeshikwa mkono na shangazi wa mama yako, na watu walipoanza kutupa mchanga uligeuka ukanitazama. Hukuniita. Nilikuwa nawaza kama kuna mtu wa Changamwe aliyeniona pale nje, atasema nilikuwa ndani. Hayo ndiyo niliyowaza mama yako akifukiwa. Tangu siku ile sijui nifanye nini na mikono yangu ninapokuwa mbele yako.

Sasa nije kwenye Alhamisi iliyopita.

Mchungaji alikuja kukupima kwa kuwa shule ile haimpokei msichana asiyebatizwa mpaka ajibu maswali yote ya kitabu mbele ya Bibi mkuu. Ulijibu vizuri. Ulijibu la amri, la sakramenti, la mitume wote kwa majina, mpaka akatikisa kichwa kwa furaha. Akafika kwenye lile. "Waliokufa bila ubatizo wako wapi?"

Ukanyamaza.

"Karani, mtoto hajasoma," akaniambia.

"Nimesoma," ukasema. "Jibu nalijua. Sitaki kulisema."

"Kwa nini hutaki, mwanangu?"

"Kwa sababu mama yangu yumo humo."

Mchungaji si mtu mbaya. Alivua miwani, akanywa chai yake yote polepole kana kwamba amesahau kama tupo. Kisha akasema, "Mimi naweza kujifanya sikusikia. Bibi mkuu hataweza. Jumatatu atakuuliza hilohilo, nawe usipojibu utarudishwa kwa gari la jioni, maana nafasi yako inangojewa na wengine." Akanigeukia mimi. "Mfundishe."

Nikasema, "Ndiyo, mchungaji."

Ukanitazama kama ulivyonitazama siku ile kaburini. Ijumaa sikukufundisha, Jumamosi sikukufundisha. Sikukwambia useme, sikukwambia usiseme. Nilikuwa nakutuma peke yako ukachague, huku najiambia kwamba nakuacha huru.

Hapa ukitazama karatasi utaona mstari wa wino uliokwenda mpaka ukingoni. Si kwamba nilikata neno. Nilikuwa naandika, nikakusikia ukisema huko nje.

"Bibi, mama yangu yuko gizani?"

"Nani kasema?"

"Kitabu. Baba hufundisha."

"Baba yako! Kwa kitabu chake hata mimi niko gizani, na kila magharibi anakuja kwangu kuomba kibiriti."

Ukacheka. Nami nilikaribia kucheka. Kisha akasema, "Mama yako yuko kwa aliyemuumba, naye hakunipa mimi kazi ya kumpangia chumba. Geuza kichwa."

Ukageuza. Ukasema, "Kesho nitajibu tu wanavyotaka."

"Hee! Utamsema mamako hivyo, mbele ya watu?"

"Nikirudishwa baba ataogopa. Akiogopa hali chakula."

Nilisikia kitana kimesimama.

Sikulia, nakuambia kweli. Lakini nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu, na nimeona nilivyokulea. Nimekulea umpikie baba yako utulivu. Umefikia kukubali kusimama mbele ya wageni na kumweka mama yako gizani kwa kinywa chako, si kwa kuwa unaamini, bali ili mimi nile.

Usiseme hivyo kwa ajili yangu. Katika barua hii yote hilo ndilo agizo langu la pekee.

Baada ya kusikia hayo nimefungua Maandiko tena, safari hii bila kile kitabu cha maswali pembeni. Yule mwizi aliyesulubiwa upande wa Bwana aliahidiwa kuwa peponi siku ileile. Hakupita darasa langu wala la mtu yeyote, na maji ya ubatizo hayakumgusa. Mchungaji atasema, huyo aliomba akumbukwe. Ni kweli, aliomba. Mama yako aliuliza. Kama kuuliza vile, umesimama na mtoto mikononi, si kuomba, basi sijui kuomba ni nini. Tena mtu mmoja alimuuliza Bwana kama watakaookoka ni wachache, na Bwana hakumpa hesabu. Alimwambia ajitahidi kuingia mwenyewe. Na katika waraka mmoja wa Petro kuna habari kwamba Bwana alikwenda akawahubiria roho waliokuwa kifungoni. Nilipokuwa nikifundisha nilizoea kuiruka, kwa kuwa kitabu cha maswali hakina swali lake. Sisemi kwamba mistari hiyo inathibitisha mama yako yuko wapi. Nimekuwa mtu wa majibu ya haraka, sitaki kukupa jingine la haraka kwa sababu tu hili ni tamu. Nasema kwamba wenye haki ya kujua hawakutuambia, na sisi tuliandika jibu pale walipoacha wazi.

Bado naamini, Sidi. Nataka ubatizwe, na nataka usome mpaka unipite. Sikutumi shuleni ukapigane na mtu. Bibi mkuu umsalimu kwa adabu, useme yote unayoyajua. Akifika kwenye lile, mwambie, "Sijui, Bibi." Akikuambia jibu limeandikwa, mwambie umelisoma na bado hujui. Akikuuliza ni nani aliyekufundisha kutojua, usinyamaze kunificha. Sema ni baba yangu, karani, mwalimu wa darasa la ubatizo la Changamwe. Taja jina langu lote.

Najua maana yake. Kazi yangu niliipata kwa barua ya misheni, na darasa watanipokonya labda wiki hii. Naogopa. Nikiandika mistari hii nimeinuka mara kadhaa kuangalia kama kuna mtu anayepita dirishani. Usidhani nimekuwa shujaa tangu ulipokwenda kusukwa. Lakini naweza kuogopa mimi mwenyewe, si lazima uogope wewe kwa niaba yangu. Na wakikurudisha, rudi. Utakuta chakula, nami nitakula pamoja nawe.

Huko nje Bi Mwanaisha amekuambia ukae kitako, imebaki mistari ya nyuma tu. Mimi nimevaa viatu. Nakwenda kwa mchungaji sasa hivi, kabla ya ibada ya jioni, nimwambie kwa kinywa changu kwamba sikukufundisha na sitakufundisha, na kwamba lile jibu sitalifundisha tena hata kwa mwingine. Sitaki wewe uwe wa kwanza kumwambia.

Huenda akanielewa. Huenda akanifukuza mlangoni. Nikirudi sitaongeza neno hapa, nitaikunja tu na kuitia mfukoni mwa gauni lako la safari, ili usije ukasoma mwishoni alivyosema, ukabadili ulichokusudia kujibu.

Ni mimi baba yako, niliyesimama nje ya ua